Maganda, Pumba na Vifuu: Mabaki ya Mimea Yanaondoa Nini Hasa Katika Maji?

Kila baada ya muda huzunguka katika makundi ya WhatsApp ujumbe unaosema kwamba maganda ya ndizi yakikaushwa, yakasagwa na kutiwa ndani ya ndoo, husafisha maji kuliko mtambo wowote wa dukani. Mara nyingine husemwa ni magunzi ya mahindi, mara pumba za mpunga, mara mkaa wa jikoni uliofungwa ndani ya kitambaa. Ujumbe wa namna hii huwagawa wasomaji mafungu mawili: wapo wanaouamini wote na wapo wanaoucheka wote. Mafungu yote mawili yamekosea kidogo, maana ndani yake mna jambo la kweli ambalo wanakemia wamelichunguza kwa miongo mingi, ila limekatwa kichwa na miguu kabla ya kufika kwenye simu.

Utata unaanzia kwenye neno "kusafisha". Tumezoea kutamka "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha, kumbe kila moja lina kazi yake. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa na madini ya risasi au vimelea vya kipindupindu, na yanaweza kuwa na rangi kidogo bila kumdhuru mtu. Vitu vinavyoharibu maji ni vya namna nyingi. Kuna tope, yaani chembechembe zinazoelea. Kuna vijidudu vya maradhi. Kuna chumvi zilizoyeyuka kabisa. Kuna metali nzito kama risasi, shaba, kadimi na zebaki. Na kuna kemikali nyingine kama rangi za nguo, dawa za kuulia wadudu na mabaki ya mafuta. Kila namna ina tabia yake, na kinachoiondoa moja huweza kuipita nyingine bila hata kuigusa. Mabaki ya mimea, kwa ujumla, yana uwezo mzuri kwa namna hizo mbili za mwisho, yanasaidia kwa tope kwa njia ya pekee tutakayoiona, na kwa chumvi na vijidudu hayategemewi.

Kwa "mabaki ya mimea" tunakusudia kile kinachobaki baada ya mtu kuchukua alichokitaka: pumba baada ya kukoboa mpunga, magunzi baada ya kupukuchua mahindi, makapi ya miwa, maganda ya kahawa, vumbi la mbao, vifuu vya nazi. Neno la pili la kulifafanua ni "kunasa", nalo tulitenganishe na "kunyonya". Tambara la kudekia hunyonya maji: maji huingia ndani yake na kulijaza. Sasa mkumbuke mtu aliyepita shambani penye kishona nguo, akatoka na suruali iliyojaa vile vijiti vyeusi vyenye miiba. Vijiti havikuingia ndani ya kitambaa. Vimeng'ang'ania juu yake, kila kimoja mahali pake. Huko ndiko kunasa, na ndivyo mabaki ya mimea yanavyofanya kazi kwa sehemu kubwa. Uchafu uliomo majini hukutana na uso wa punje ya ganda au ya mkaa, ukashikwa hapo, na maji yakaendelea na safari yake.

Kwa nini ganda la mmea lishike metali? Kuta za seli za mimea zimejengwa kwa selulosi, lignini, pektini na jamaa zake, na juu ya vitu hivyo kuna vikundi vidogo vya atomu ambavyo, vikiwa majini, huwa na chaji hasi. Risasi, shaba na kadimi, zikiyeyuka, huwa ioni, yaani atomu zilizobeba chaji, na chaji yake ni chanya, na chaji hizo mbili huvutana. Vikundi hivyo tuvichukulie kama viti vya daladala. Mara nyingi viti havikuwa vitupu tangu mwanzo: vilikaliwa na kalisi au potasi ya mmea wenyewe, kisha risasi, ambayo hushikwa kwa nguvu zaidi, ikaingia na kumsimamisha aliyekuwa ameketi. Mfano huu wa viti tuushike, kwa sababu karibu kila jambo linalofanya maganda yafaulu au yashindwe linaelezeka kwa kuuliza viti ni vingapi, nani anavigombea, na nini hutokea gari likijaa.

Jambo lenyewe linaweza kuonekana kwa macho. Chukua chupa mbili zinazoonyesha ndani, zijaze maji, kisha tia katika kila moja tone moja au mawili ya ile dawa ya zambarau iitwayo GV, ambayo wazazi wengi waliwapaka watoto vidonda vya mdomoni. Katika chupa moja ongeza vijiko viwili vya vumbi la mbao lililochekechwa, funga, tikisa kwa dakika kumi, kisha acha litulie. Rangi itakuwa imefifia kwa kiasi kikubwa, na vumbi lililokuwa jeupe litakuwa limegeuka zambarau, kwa sababu rangi ya GV nayo ina chaji chanya. Maji hayo hayanywewi, lakini yaangalie vizuri kwa kulinganisha na maji ya bomba: yana umanjano hafifu, kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji. Umanjano huo ni tanini na vitu vingine vilivyotoka ndani ya mbao. Ukiiacha chupa siku tatu nne juani utasikia na harufu, kwani vilivyotoka kwenye mbao ni chakula cha bakteria. Chupa hiyo moja imeonyesha nguvu ya mabaki ya mimea na udhaifu wake kwa pamoja: yanaondoa kitu kimoja yakiongeza kingine. (Tena vumbi lisiwe la nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, maana dawa hizo mara nyingi huwa na shaba, kromi na aseniki, na hapo utakuwa umeyatia maji sumu kwa mkono wako.)

Hiyo ndiyo sababu watafiti hawatumii ganda jinsi lilivyotupwa. Huliosha mara nyingi, hulikausha, hulisaga kwa ukubwa unaolingana, na mara nyingi hulilowesha katika asidi au magadi kwanza ili tanini zitoke na viti vipya vifunguke. Mtu anayesoma kichwa cha habari haoni hatua hizo.

Habari ya maganda ya ndizi yenyewe inafaa kufuatiliwa hadi chanzo chake. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maganda ya ndizi yaliyosagwa yanaweza kunasa risasi na shaba kutoka katika maji ya mto, na kwamba yanaweza kutumika tena mara kadhaa. Vyombo vya habari duniani viliipokea kama habari ya chujio la maji la bei ya bure. Lakini kazi kubwa ya ganda katika utafiti ule ilikuwa kuikusanya metali iliyotawanyika kwa uchache mno ndani ya maji, ili baadaye iondolewe kwenye ganda ikiwa imekolea na mashine iweze kuipima. Ganda lilikuwa msaidizi wa kipimo. Hilo halipunguzi thamani ya ugunduzi, ila kutoka hapo mpaka ndoo ya maji ya kunywa ni mwendo mrefu.

Urefu wa mwendo huo tuuone kwa hesabu ndogo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba risasi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Majaribio ya maabara mara nyingi huanza na maji yenye risasi nyingi sana, tuseme miligramu 50 kwa lita, ili matokeo yasomeke kwa urahisi. Sasa ukiambiwa kwamba pumba fulani zimeondoa asilimia 95, utafurahi, na ni haki kufurahi; lakini asilimia 5 iliyobaki ni miligramu 2.5, ambayo ni mara 250 ya kiwango kinachokubalika. Kwa kiwanda kinachotaka kupunguza sumu kabla ya hatua inayofuata, hayo ni mafanikio. Kwa kikombe cha mtoto, ni sumu vilevile.

Kisha kuna ushindani. Maji ya maabara mara nyingi ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji matupu, yakatiwa metali moja tu, kwa hiyo abiria wa daladala ni wa aina moja na kila mmoja anapata kiti. Maji ya mto au ya kisima yana kalisi na magnesi kwa wingi unaoweza kuishinda risasi mara maelfu, na ingawa risasi ina mkono wenye nguvu zaidi, umati nao ni umati. Asidi huharibu mambo zaidi. Maji yakiwa makali, ioni za hidrojeni hujaa kila kiti, na metali hubaki zikining'inia mlangoni. Ubaya huo una faida yake, kwani kwa kulisuuza ganda lililojaa kwa asidi hafifu unaweza kuwateremsha abiria wote na kulitumia tena; ila sasa una asidi yenye risasi, na lazima ujue utaipeleka wapi.

Hadi hapa tumezungumzia mabaki mabichi. Yakichomwa kwa ustadi huwa kitu kingine kabisa, na mfalme wao ni kifuu cha nazi. Watu wa pwani hawachanganyi sehemu za nazi: kumbi ni lile ganda la nje lenye nyuzi za kusokotea kamba, kifuu ni lile gumu la ndani linalotengenezewa upawa, na machicha ni yale yanayobaki baada ya tui kukamuliwa. Kinachotafutwa na viwanda vya vichujio ni kifuu. Huchomwa kwanza kwa kunyimwa hewa mpaka kiwe mkaa, kisha mkaa huo hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi kati ya 800 na 1,000 hivi, na mvuke huo huutoboa matundu madogo yasiyohesabika. Kinachotoka huitwa kaboni iliyoamilishwa, yaani iliyoamshwa kwa kazi. Gramu moja tu, ambayo haifiki nusu ya kijiko cha chai, huweza kuwa na uso wa ndani wa mita za mraba kati ya 500 na 1,500. Kwa hiyo gramu kumi za kaboni nzuri, ukizikunjua matundu yake yote, zinaweza kuufunika uwanja wa mpira na zikabaki.

Je, mkaa wa jikoni si ni huohuo? Ni jamaa, si huohuo. Mkaa wa tanuri la kijijini una matundu, lakini ni machache kwa kulinganisha, na mengi yameziba kwa lami ya moshi. Unaweza kupunguza harufu na rangi, jambo ambalo mwanakemia Johann Tobias Lowitz aliligundua huko St. Petersburg mwaka 1785, lakini usitegemee ufanye kazi ya kaboni iliyoamilishwa kwa sababu tu vyote ni vyeusi. Tofauti hiyo iliokoa roho za watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia: mwaka 1918 raia wa Marekani waliombwa wakusanye kokwa za matunda na maganda magumu ya njugu ili yatengenezwe kaboni ya barakoa za kuwakinga askari na gesi ya sumu, kwa maana mkaa wa kuni laini haukutosha.

Huku kwetu wanaoijua kaboni ya vifuu kwa karibu kuliko wote pengine ni wachenjuaji wa dhahabu. Nenda Geita au Chunya, uliza habari za vati na ilusheni, utaelezwa bila kuhitaji kitabu. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, hujazwa ndani ya vati, yaani tangi kubwa, na kumwagiwa maji yenye sayanidi. Sayanidi huiyeyusha dhahabu. Maji hayo hupitishwa kwenye kaboni, nayo kaboni huinasa dhahabu. Kifuu hupendwa kwa sababu ni kigumu, hakimung'unyuki na kuondoka na dhahabu ya mtu. Kisha kaboni "iliyobeba" hupelekwa kwenye mtambo wa ilusheni, ambako maji ya moto yenye dawa kali huishusha dhahabu, na kaboni yenyewe huchomwa tena ili irudi kazini. Badala ya dhahabu weka dawa ya kuulia wadudu au rangi ya batiki, na umeelewa chujio la maji. Hata lugha ya wachenjuaji inatufaa: kaboni hubeba, hujaa, hushushwa mzigo, huchoka.

Sasa tugeukie yale ambayo mabaki ya mimea hayafanyi, kwa sababu hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp unapoweza kumdhuru mtu.

La kwanza ni floridi. Katika miteremko ya Mlima Meru, Arumeru, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa mpaka Nakuru na Naivasha, maji ya ardhini hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi kuliko kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hugeuka kahawia, na kwa waliokunywa miaka mingi mifupa huweza kupinda. Floridi ina chaji hasi, na viti vya ganda la mmea navyo vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Kaboni ya vifuu nayo huiacha ipite kwa sehemu kubwa. Kinachotumika kuinasa, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko Arumeru na upande wa Nakuru, ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kwa kuwa madini ya mfupa yana nafasi ambayo floridi huingia vizuri. Mkaa wa mfupa na mkaa wa mti vinafanana kwa macho tu. Wala kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, floridi hubaki, na sufuria inakuwa na floridi nyingi zaidi kwa kila kikombe.

La pili ni chumvi. Mkazi wa Dar es Salaam au wa Mombasa mwenye kisima chenye maji ya chumvichumvi anaweza kuyapitisha kwenye magunia kumi ya mkaa, na chai yake itakuwa na chumvi ileile.

La tatu ni vijidudu. Tabaka la kaboni ndani ya chujio linaweza kupunguza baadhi, lakini matundu yenye unyevu na chakula yanafaa pia kuwa makazi ya bakteria, hivyo maji yaliyopita humo yachemshwe au yatiwe klorini. Utaratibu ndio muhimu hapa. Kaboni huiondoa klorini, na ndiyo sababu maji yake huwa na ladha nzuri. Ukitia klorini kwanza kisha ukachuja kwa kaboni, umeivua ndoo nguo uliyoivisha sasa hivi. Chuja kwanza, ndipo utie dawa.

Kuhusu tope, mmea wenye sifa kubwa ni mlonge, na unastahili sifa hizo ikiwa hazizidishwi. Mbegu zake zina protini yenye chaji chanya, na chembe za udongo zinazoelea majini zina chaji hasi ambayo huzifanya zisukumane zisitue. Unga wa mbegu ukikorogwa ndani ya maji ya tope huzikusanya chembe hizo ziwe mabonge, na baada ya saa moja au mbili mabonge hutua chini. Wanawake wa Sudan wamekuwa wakiyatuliza hivyo maji ya Mto Nile tangu zamani. La kupendeza kwa makala haya ni kwamba mashudu yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta bado yana protini hiyo, kwa hiyo mkulima anaweza kuuza mafuta na bado akabaki na dawa ya tope. Vijidudu vingi huzama pamoja na tope, lakini si vyote, na unga uliobaki majini huvilisha vilivyosalia. Maji ya mlonge yaliyolala siku mbili si yale ya saa mbili.

Swali ambalo huulizwa kwa nadra mno ni hili: uchafu ulionaswa uko wapi? Haukuyeyuka wala haukufa. Metali haiozi na haichomeki. Pumba zilizonasa risasi zikitupwa kwenye shimo la mboji, risasi inaingia kwenye mchicha. Zikichomwa jikoni, inakuwa kwenye moshi na majivu. Akilishwa mbuzi, iko ndani ya mbuzi. Tena ganda lililojaa halibadiliki sura. Daladala lililojaa utaliona, lakini ganda lililojaa risasi linafanana kabisa na ganda tupu, na maji yanayolipita yanaonekana vilevile kama ya jana. Bila kupima maji yanayotoka, hakuna njia ya kujua siku ya kulibadilisha.

Kwa sababu hizo, mahali ambapo mabaki ya mimea yana nafasi kubwa kwa sasa ni kwenye maji taka ya kazi za watu kuliko kwenye mtungi wa nyumbani: karakana za batiki, viwanda vya ngozi vinavyotumia kromi, gereji, viwanda vidogo vya kupaka metali. Huko uchafu unajulikana ni nini, ni mwingi, unatoka mahali pamoja, na maji yanayotoka hayaendi moja kwa moja kinywani. Malighafi nayo iko jirani. Mashine ya kukoboa mpunga hutoa pumba karibu kilo 20 kwa kila kilo 100 za mpunga, na mwenye mashine mara nyingi hushukuru anayeziondoa. Kwa maji ya kunywa, kinachotangulia ni kupima kisima chenyewe. Askwar Hilonga, mhandisi wa Arusha aliyepata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, alilijenga wazo lake juu ya jambo hilohilo, kwamba chujio lirekebishwe kufuata uchafu wa eneo husika, kwa sababu maji ya Arumeru yenye floridi na maji ya mtoni yenye kinyesi hayaugui ugonjwa mmoja.

Karakana itakayofanikiwa kunasa risasi kwa magunzi itakuwa na magunia ya magunzi yenye risasi. Kule Geita, kaboni iliyobeba dhahabu haiachwi uani: hupimwa, hufungwa, hutiwa lakiri na kusafirishwa kwa kibali, kwa maana kila mtu anajua kilichomo. Gunia la magunzi halina anayelichungulia, na kuku hupanda juu yake kutafuta punje zilizosalia.